Neno Nililomsomea Mzee Nicodemus

Watu wengi wa Nakuru walimjua Joash kama fundi wa mawe, na wengine wakaja kumjua baadaye kwa kazi nyingine. Mimi nilimjua akiwa bado kijana wa shule, anaishi na wazazi wake katika chumba kimoja cha landi, zile nyumba za mawe ambazo reli iliwajengea wafanyakazi wake karibu na stesheni. Chumba chao kilikuwa cha nne kutoka kwa bomba la maji. Mimi nilikaa cha sita pamoja na makapera wenzangu wawili. Nikisema nilimjua, nilimjua, maana kuta zile zilipitisha hata kikohozi.

Babake alikuwa Mzee Nicodemus, pointimani, yule mtu anayegeuza reli ili gari la moshi lishike njia yake. Mtu mrefu, wa upande wa Kimilili, asiyecheka ovyo. Mamake tulimwita Mama Nasimiyu, kwa jina la binti yao mkubwa aliyekuwa ameshaolewa. Nyumbani walibaki Joash na dadake Naliaka, na huyo Naliaka ndiye aliyenifanya nipite mlango wao mara nyingi kuliko haja yangu ya maji.

Sasa kuhusu kile chumba. Reli ilikuwa inatupakia chokaa mara moja kwa mwaka, nyeupe kutoka juu hadi chini, na baada ya mwezi mmoja sehemu ya chini imekuwa rangi ya miguu ya watoto. Joash alileta udongo mwekundu kutoka upande wa Bahati, akauchanganya na majivu na uji mwembamba ili ushike, akapaka ukuta mpaka kimo cha goti. Juu yake akapaka chokaa iliyotiwa bluu kidogo, ile ya kufulia nguo nyeupe. Ukiingia unahisi dari imepanda. Halafu pazia. Familia zote pale ziligawa chumba kwa shuka iliyokatiza katikati, wazazi huku, watoto kule, na wote gizani. Joash aliitundika shuka ya mamake mshazari, kuanzia pembe ya dirisha, mwanga ukafika pande zote mbili. Mama mmoja jirani alisimama mlangoni, akatazama, akauliza kama hawa watu wameongezewa chumba.

Mimi sikujua kwamba hiyo ni elimu. Nilidhani ni wazimu mzuri tu.

Kwetu, ni lazima niseme, nyumba ina kazi ya mwanamume na kazi ya mwanamke. Mwanamume anasimamisha miti, anaezeka nyasi, anashuka, amemaliza. Kusiriba ukuta, kuulainisha, kuutia michoro ya udongo mweupe na masizi, hiyo ni mikono ya mama. Mama Nasimiyu mwenyewe alikuwa na sifa hiyo huko kwao, watu walipita njia ya mbali ili waone ukuta wake. Kwa hiyo makapera wenzangu walimwita Joash Mama Siriba.

"Mama Siriba," mmoja wao alimwambia pale bombani, "ukimaliza kwenu uje unipangie kwangu, halafu nikutolee mahari."

"Kwako hakupangiki," Joash akamjibu. "Kwanza utoe ile soksi uliyozibia dirisha."

Alijibu hivyo na akaendelea kukinga maji. Hakuwa mtu wa kuona haya kwa jambo analolijua.

Mwaka elfu moja mia tisa hamsini na nne, mwaka wa pasi za kusafiria na misako ya askari, mwalimu wao alileta fomu za shule moja ya ufundi iliyokuwa upande wa Nairobi. Miaka mitatu, unakaa hukohuko, unatoka na cheti. Mwanafunzi alitakiwa achague kazi moja, na mzazi atie kidole gumba chini kuonyesha amekubali. Kulikuwa na useremala, uashi, ushonaji, ufundi wa bomba, na ya mwisho kabisa iliandikwa kwa Kizungu maneno mawili, penta na dekoreta. Joash alichagua hiyo ya mwisho. Mwalimu alikuwa amemweleza kwamba huko mtu anafunzwa kutengeneza nyumba kwa ndani, rangi gani ikae na rangi gani, pazia likatwe vipi, karatasi ya ukuta ibandikwe vipi, kiti kikae wapi ili mlango usikipige. Joash hakuwahi kujua kwamba kitu alichokifanya kwa majivu na uji kina shule yake. Aliniambia hilo mara tatu siku ile, kama mtu aliyeambiwa kwamba ana ndugu mwingine mahali.

Kazi hiyo pekee ilitaka mtu atume na michoro. Alichora siku tisa. Nilimwona mwenyewe, ameketi juu ya debe, karatasi juu ya goti. Alichora chumba cha landi kilekile, futi kumi kwa kumi, namna sita mbalimbali, na kila namna familia ya watu watano imeenea.

Likizo ilipofika, akapata kibarua cha kuvuna ngano Mau Narok. Lori liliondoka Jumamosi alfajiri na babake alikuwa kazini, hajatia kidole. Joash akaniletea bahasha. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne, nikifanya kazi gudishedi, ghala la mizigo la reli, kusoma majina ya stesheni kwenye mizigo na kuandika mabehewa kwa chaki. Pale landi, mtu wa darasa la nne alikuwa kama wakili.

"Kesho Jumapili papa atakuwa nyumbani," Joash akasema. "Umsomee, atie kidole, Jumatatu upeleke posta. Lakini sikiza. Akikuuliza ni kazi gani, mwambie ni kazi ya rangi. Rangi tu. Wapaka rangi wa reli anawaheshimu, anajua wanavaa kofia ya kampuni. Usiongeze kitu."

"Sitaongeza," nikasema.

"Sema."

"Rangi tu."

Akacheka, akapanda lori. Hayo ndiyo maneno yenyewe, sijayapunguza hata moja.

Jumapili baada ya kanisa nilivaa shati langu la pasi nikaenda. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kukunja, karibu na pazia lile la mshazari. Naliaka aliniletea chai, akabaki amesimama nyuma ya mamake. Nataka nieleze vizuri hapa, kwa sababu nimejaribu miaka mingi kujieleza mwenyewe na nimeona kila mara ninajipendelea. Nilikuwa ninasomea watu wawili. Mmoja ni mzee, na mwingine ni yule aliyesimama nyuma. Nilitaka aone Kizungu kinavyonitii.

Nikasoma jina, nikasoma shule, nikasoma miaka. Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Na kazi?" akauliza.

"Penta," nikasema. "Yaani kupaka rangi."

"Ah. Kama wale wa mabehewa."

"Kama wale."

"Ni kazi safi hiyo. Leta wino."

Pale ndipo ningefunga mdomo. Kidole chake kilikuwa tayari kimenyooka. Lakini kulikuwa na lile neno la pili, na mimi nililijua, nililijua kutoka kanisani, maana kila Krismasi mchungaji alitutangazia siku ya kwenda kudekoreti kanisa, na kina mama walikwenda na majani na maua na karatasi za rangi. Nikaona aibu kuliacha neno ninalolijua limekaa pale kama sikuliona.

"Na dekoreta," nikasema. "Hiyo ni mpambaji. Anapamba nyumba kwa ndani. Kama vile kina mama wanavyopamba kanisa Krismasi."

Mzee akarudisha kidole.

"Kupamba nyumba kwa ndani," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Miaka mitatu."

"Mitatu."

Akamgeukia mkewe. "Wewe ulisoma miaka mingapi kusiriba?"

Mama Nasimiyu akasema, "Mwache mtoto, mikono yake inajua kitu." Alisema polepole, akitazama ule ukuta.

"Mikono yake ni ya mwanamume," mzee akasema. "Nimegeuza reli miaka kumi na minane mvua ikininyeshea ili mwanangu aende Nairobi akasome kazi ya mamake? Wanamwita jina pale bombani. Mnadhani sisikii?" Akanitazama mimi. "Situma. Wewe ni mtu mwenye akili. Kuna kazi gani nyingine hapo?"

Nikamsomea. Nilipofika uashi, akasema hiyo.

Ningeweza kumwambia, mzee, mngoje Joash arudi mzungumze. Fomu ilikuwa na siku kumi na moja bado. Lakini alikuwa ameniita mtu mwenye akili mbele ya Naliaka. Nilirudi chumbani, nikachukua wembe, nikakwangua wino wa Joash taratibu, jinsi tulivyokwangua makosa kwenye vitabu vya gudishedi, nikasugua kwa ukucha karatasi ilainike, nikaandika mwashi kwa Kizungu. Mwandiko ulitoka mzuri. Nikarudi, mzee akatia kidole. Michoro nikaiondoa, kwa sababu waashi hawakutakiwa kuleta. Jumatatu nikapeleka posta.

Joash aliporudi, uso umebabuka kwa jua la Mau, aliniuliza kitu kimoja. "Alitia?"

"Alitia," nikamwambia. Na kweli alitia.

Jibu lilikuja mwezi wa kumi na mbili. Amekubaliwa, uashi. Joash alisoma barua amesimama kando ya bomba, akaisoma tena, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maneno mengine. Babake alitoka akamshika bega, akasema vizuri, vizuri sana. Mzee hakueleza lolote, na Joash hakuuliza, kwa maana kwetu mtoto hamwulizi babake umefanya nini na karatasi yangu. Alikuja kwangu.

"Wameangalia michoro," akasema. "Wakaona mkono wangu ni wa mawe."

Nilikuwa nimekaa kitandani ninavua kiatu. Sikuinua kichwa.

"Labda nafasi zilijaa," nikasema.

"Hapana. Zingejaa wangesema hakuna. Hawa wamepima." Akaikunja barua. "Ni watu wanaojua. Siwezi kubishana nao."

Kesho yake mchana, alipomsindikiza mamake sokoni, nilitia michoro yote sita kwenye jiko la uwanjani na kuchemshia maji ya kuoga. Nilioga maji hayo. Sijui kwa nini ninaliandika hilo, lakini nimeliandika.

Akaenda. Nami nikamwoa Naliaka mwaka uliofuata, kwa baraka zote, kwani mzee alikuwa akinisifu kila mahali. Joash alirudi mwisho wa hamsini na saba na cheti chake, akaandikwa na kontrakta mmoja Kalasinga aliyekuwa anajenga nyumba za wakubwa kule mlimani, upande wa Menengai. Fundi mzuri. Pembe zake zilisimama kama zimechorwa, na timazi yake hakuna aliyeirudia kupima. Lakini mwashi hutoka kabla nyumba haijawa nyumba. Anamaliza jiwe la mwisho, anafunga mwiko wake kwenye gunia, na wengine wanaingia na rangi. Nilimpitia siku moja jioni nikamkuta amesimama nje ya dirisha la nyumba aliyoijenga mwenyewe, anatazama wapaka rangi wakifanya kazi ndani. Aliponiona akaokota gunia lake.

Pale landi ule ukuta wa goti ulikuwa umebanduka. Mama Nasimiyu akamwomba aurudie.

"Mayi, mwite mtu mwingine," Joash akamwambia. "Hiyo kazi nilipimwa nikaonekana sifai."

Mama alicheka akidhani ni mzaha. Mimi nilikuwepo, nikakumbuka kwamba nimeacha kitu gudishedi, nikatoka.

Basi ikawa mwezi wa tano, mwaka wa hamsini na nane. Jioni moja Naliaka ananipakulia ugali, anasema, "Umesikia ya ndugu yangu? Kalasinga amemwita. Kuna hoteli anajenga, na fundi wake mkubwa wa mambo ya ndani ni mzee, anataka mtu wa kumfundisha aje achukue mahali pake. Anasema amemwona Joash akiwasahihisha watu wa rangi bila kujua kwamba anasikilizwa."

"Na Joash?"

"Amekataa. Anasema wanaojua walishamwambia mkono wake ni wa mawe, hataki kwenda kuaibika mara ya pili. Kalasinga amempa mpaka Ijumaa, baadaye atatafuta mwingine." Akaketi. "Mimi sielewi. Wewe ndiye uliyepeleka ile bahasha. Walimwandikia nini hasa?"

Mke ukimwoa kwa sababu ya neno, ni vigumu kumtazama neno hilo likirudi. Nikasema sikumbuki. Halafu chakula kikanishinda, nikamwambia yote, kuanzia lori la Mau Narok mpaka maji ya kuoga. Aliondoa sahani yangu kabla sijamaliza. Akasema, "Leo ni Jumatano."

Alhamisi niliomba ruhusa kazini nikapanda kwenda mlimani kwa miguu. Joash alikuwa juu ya jukwaa fupi la mbao, anapanga mawe ya ukuta wa jikoni.

"Shemeji," akasema. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Nina neno."

"Sema, nina mchanganyiko utakauka."

Nikasema. Nilikuwa nimelipanga vizuri njiani, lakini lilitoka limevurugika, nikaanzia mwishoni, na kwa wembe, na kwa babake. Aliendelea kufanya kazi. Aliweka jiwe, akaligonga, akaweka lingine. Nilipofika kwenye michoro, akaacha.

"Hawakuiona," akasema.

"Hawakuiona."

"Hata mmoja."

"Hata mmoja, Joash."

"Nilikwambia unisemee nini kwa papa?"

"Rangi tu."

"Nilikwambia nisemee rangi tu. Ukanitafsiria mpaka nikawa mwanamke." Hakupaza sauti. Kibarua wa kuchanganya mchanga aliyekuwa chini alidhani tunaongea habari za nyumbani. "Papa simlaumu. Papa aliuliza maana, akapewa maana. Lakini miaka minne, Situma. Kila nikiingia nyumba ya mtu naona kiti kimekaa vibaya, najiambia nyamaza, wewe ulipimwa. Nikaacha hata kutazama. Na ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa ninakuona."

"Ungesema wakati wowote."

"Nilimwogopa babako. Baadaye nikakuogopa wewe."

"Na leo?"

"Leo ninaogopa kesho Ijumaa."

Alifuta mwiko kwenye suruali, upande mmoja, kisha upande wa pili. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa tusi, hata kwa kofi.

"Toka hapo," akasema. "Umesimama kwenye uzi wangu."

Nikatazama chini. Ule uzi wa waashi wa kunyoosha mstari, nilikuwa nimeukanyaga na kuuzamisha kwenye udongo. Nikatoa mguu. Akaukaza tena, akaupiga kwa kidole usikike, akaendelea kujenga. Nikashuka mlima.

Kwa Kalasinga alikwenda. Hilo nililisikia kwa wengine. Ijumaa saa nne alivua aproni ya saruji, na tangu hapo alikuwa mtu wa ndani. Yule fundi mzee alimfundisha kukata pazia, kubandika karatasi, kuchanganya rangi ili chumba cha upande wa baridi kionekane kina jua. Hoteli ilipofunguliwa sisi hatukuweza kuingia, lakini wapishi walitusimulia. Baada ya hapo alikwenda Naivasha, alikwenda Subukia kwenye nyumba za wakulima wa kahawa, kila mahali wakimtaka kwa jina. Ule ukuta wa mamake aliurudia pia, Jumapili moja, kwa rangi ya kopo.

Kwangu hakuingia. Mimi na Naliaka tulikuwa tumepata nyumba ya vyumba viwili, na kuta tupu tu, na Naliaka hakuniruhusu nizipake, alisema zimngoje ndugu yake. Joash alifika mpaka mlangoni, akamsalimu dadake, akanisalimu mimi kwa mkono, akauliza hali ya watoto. Kiti alikataa, maji alikataa. Kila mara alikuwa na haraka, na kila mara alitazama ndani juu ya bega langu, kwa jicho la mtu anayepima chumba, halafu akaondoa macho.

Mwisho wa mwaka wa hamsini na tisa Mzee Nicodemus alistaafu. Tulimfanyia chakula pale landi, uwanjani, siku anayopanda gari la kurudi nyumbani. Walikuja mapointimani, mchungaji, watu wa kwaya. Joash alikaa mbele yangu, upande wa pili wa meza, amevaa koti la bei, na mimi nilikuwa na furaha ya kijinga kwamba angalau tunakula chungu kimoja.

Mzee alisimama na kofia yake mkononi. Alishukuru reli, alishukuru Mungu, akamshukuru mkewe. Halafu akasema, "Watu wanauliza mwanangu alifikaje kwenye nyumba za wakubwa. Ni uashi uliomfungulia mlango. Na mtu aliyeniongoza siku ile ni huyu mkwe wangu Situma. Alinisomea ile karatasi neno kwa neno. Mwingine angenificha. Yeye hakunificha."

Watu wakapiga makofi. Mchungaji akanigeukia akitabasamu. Naliaka alikuwa anapakua mboga, akaacha mwiko ndani ya sufuria.

Nilimtazama Joash. Neno moja lake lingetosha, na lilikuwa haki yake. Alikuwa anakata nyama kwa kisu, vipande vidogo vidogo sawasawa. Babake akamwuliza, "Si ndivyo, Joash?"

"Ndivyo, papa," akasema. "Shemeji alisoma vizuri."

Mzee akafurahi. Akanyoosha mkono kupita juu ya sahani, akanishika wangu, akautikisa mbele ya watu wote. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na sentensi nzima, nilikuwa nimeipanga tangu siku ile ya mlimani, na ilianza na neno mzee. Nikasema, "Mzee," na yeye akasema, "Usiseme kitu, mwanangu, kula," nami nikala.

Gari lilikuja saa kumi na moja. Tulibeba mizigo yake mpaka stesheni, Joash akishika sanduku upande mmoja na mimi upande wa pili. Mzee alitoa kichwa dirishani akanipungia mimi kwanza, kabla ya mwanawe.

Alifariki baada ya mvua tatu, bado akinishukuru kwenye barua alizowaandikisha watu wengine.